Neno Nisiloweza Kukumalizia

Mwanangu Wekesa,

Mwandiko huu ni wa dada yako, maneno ni yangu. Kifundo cha mkono wangu wa kulia bado kimefungwa tangu nilipoteleza kwenye ngazi za nje, na mkono wa kushoto haujawahi kuandika kitu cha maana. Naliaka ameketi mbele yangu hapa jikoni, amepanga kalamu mbili na karatasi za mistari kana kwamba anaingia mtihani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Amesema, "Sawa, Mama." Tutaona.

Wewe uko juu unafunga begi. Nasikia zipu ikienda na kurudi. Sitakuambia habari za soksi nzito wala za kula vizuri. Shangazi yako huko Tampere, Ufini, atakuambia hayo mpaka uchoke. Nina jambo moja tu, nalo ni kwamba ninaogopa. Ninaiogopa Jumatatu.

Jumatatu asubuhi utaketi mbele ya walimu wa chuo. Watakuuliza kwa Kifini kwa nini unataka kusomea kazi ya kutunza wagonjwa na wazee, nawe utajibu kwa Kifini, kwa mdomo, peke yako. Wakiridhika, nafasi ni yako. Wasiporidhika, utarudi. Angekuwa kijana mwingine ningesema, lugha ameisoma, basi aende akaiseme. Lakini ni wewe, na maneno yako hukwama. Yamekwama tangu ulipokuwa mdogo, na miaka yote hiyo mtu wa kuyakwamua nimekuwa mimi.

Nataka kukueleza nilivyoanza, maana sidhani nimewahi kukueleza.

Ulikuwa na umri wa miaka kumi. Nilikuwa nimetoka kwenda dukani hapo barabarani, baba yako alikuwa safarini na lori, na Naliaka, aliyekuwa na homa, akashikwa na degedege. Ulifanya kila kitu tulichokufundisha. Ulimlaza kwa ubavu. Ulichukua simu ukapiga namba ya dharura. Mtu akapokea, akakuuliza unahitaji nini, na sauti haikutoka. Ulijaribu, ikakataa. Ukaiangusha simu, ukakimbia kwa jirani bila viatu, ukamvuta mkono wa sweta mpaka akaja. Niliporudi nilimkuta jirani amepiga magoti kando ya Naliaka, ambaye tayari alikuwa amefungua macho. Na simu ilikuwa zuliani, na ndani yake yule mtu alikuwa bado anauliza, kwa upole kabisa, kama kuna mtu yeyote hapo.

Naliaka ananiambia, "Mimi sikumbuki chochote." Wewe huwezi kukumbuka, nimemwambia, andika.

Ile sauti ya zuliani sijaisahau. Kila mtu alikusifu, na kwa haki, maana ulimwokoa dada yako. Mimi nilikusifu pia. Lakini kuanzia siku ile niliingiwa na haraka. Daktari akikuuliza unaumwa wapi, nilijibu mimi. Mwalimu akikuuliza umesoma kitabu gani, nilijibu mimi. Kinyozi akikuuliza apunguze kiasi gani, mimi niliyekaa kwenye kiti cha kungojea, na gazeti mkononi, nilijibu. Jina lako mwenyewe nilikuwa nalisema kabla hujaifikia ile We ya pili. Halafu nilikugeukia na kukuuliza, "Si ndivyo ulivyotaka kusema?" Nawe ulitikisa kichwa kukubali. Nilidhani unakubali.

Ajabu ni kwamba kusubiri ninajua. Usiku ninapokuwa kazini kwangu, kutunza wazee, ambako sasa kwa ajili ya mkono huu huketi nao tu, kuna bibi mmoja, Doreen, ambaye mimi humwita Mama Doreen kwa sababu siwezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu. Kiharusi kilimwachia maneno machache, na kila moja hulitafuta kama mtu anayetafuta miwani gizani. Akitaka sukari, mimi huketi kitandani pake, mikono mapajani, nikangoja. Simwambii "chai?" wala "maziwa?" Tulifundishwa hivyo: mpe muda, usimtajie, mwangalie usoni, usiangalie saa. Na mimi nalifanya vizuri sana jambo hilo. Wenzangu huniita nikawasaidie. Kisha kila asubuhi nilirudi nyumbani, nikavua sare, nikakumalizia sentensi zako zote mezani kabla chai haijapoa.

Nimejiuliza kwa nini. Jibu nililolipata ni kwamba kwa Mama Doreen siogopi. Anachotaka ni sukari tu. Wewe ukikwama, mimi huisikia ile simu.

Sasa nije kwenye Jumapili iliyopita, ambayo hatujaizungumza. Watu wa ushirika wetu kule mtaa wa Perry Barr walitaka kukuombea safari. Mchungaji akakuita mbele, akakupa kipaza sauti usalimie kanisa. Unajua desturi yetu: hakuna anayeshika kipaza sauti bila kuanza na "Bwana asifiwe," na kanisa zima hujibu "Ameni." Ukasema "Bwa... Bwa..." na kabla hujaifikia "asifiwe," kanisa zima likajibu Ameni. Ukaanza upya. Wakajibu tena, kwa sauti zaidi, kwa upendo wote, wengine wakapiga makofi. Ulipojaribu mara nyingine ukakutana na Ameni ya kutikisa madirisha. Ukamrudishia mchungaji kipaza sauti, ukaja ukaketi. Mama mmoja nyuma yetu akasema, "Kijana ameguswa, ameshindwa hata kuongea," na jirani yake akatoa leso.

Tulipokuwa tukirudi, baba yako alisema akiwa kwenye usukani, "Lakini salamu alikuwa nazo." Hakuongeza neno. Mimi nikakuuliza ulitaka kuliambia kanisa nini. Ukasema, "Imeshapita, Mama."

Ile Ameni ya kwanza kabisa, Wekesa, iliyowaanzishia wengine, ilitoka kwangu.

Naliaka amesimamisha kalamu. "Niandike hiyo?"

"Andika."

"Lakini utamhuzunisha, kesho asafiri na huzuni."

"Alikuwapo, alisikia. Andika."

Naijua sababu yako ya kuipenda nchi ile, ingawa kwa muda mrefu nilidhani ni theluji. Uliporudi kutoka kwa shangazi yako kiangazi kile cha kwanza, ulinieleza jambo moja tu. Uliingia duka la mikate, ukakwama, na mwenye duka hakufanya chochote. Hakukutajia mikate. Hakutabasamu lile tabasamu la huruma. Alisimama na koleo lake mkononi, akakungoja kama mtu anayengoja basi analojua litakuja. Ulinieleza habari hiyo mara mbili. Baada ya hapo ukaanza kusoma lugha yao, jioni baada ya jioni, na dada yako akakaa kando yako akiokota yanayodondoka, mpaka sasa ananifundisha mimi.

Unayajua haya kuliko sisi, lakini nataka ujue kwamba nimekaa nikajifunza hilo neno unalolifuata. Lähihoitaja. Naliaka ameniandikia kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye friji, nami huliangalia ninapongoja maji yachemke. Ni maneno mawili yaliyoshikanishwa. Lähi ni karibu. Hoitaja ni mtunzaji: hoitaa ni kutunza, na ile -ja ya nyuma ndiyo inayoifanya kazi kuwa mtu. Mtunzaji wa karibu. Shangazi yako anasema neno lenyewe si la kale, kuna watu wazima wanaokumbuka lilipokuwa halipo. Zilikuwapo kazi kadhaa, kila moja na jina lake, zikaunganishwa kuwa moja, na hiyo moja ikahitaji jina. Basi wakachukua maneno mawili ya kawaida ambayo kila mtoto anayajua, wakayaunga. Na anasema ukiifungua Biblia yao, yule jirani tunayeamriwa kumpenda naye jina lake limetoka kwenye lähi hiyohiyo. Nimelipenda. Sisi hapa kwa Waingereza tunajiita makeya, yaani watunzaji, na jina hilo halijawahi kuniambia nisimame umbali gani na mtu.

Kisha Naliaka akanionyesha mikia. Kwetu neno hubadilika mbele: mtunzaji, watunzaji. Ukisikia wa- tu, umeshajua ni wengi, na mtu mwenye haraka anaweza kudandia hapo akamalizia mwenyewe. Kifini hubadilika nyuma. Lile lähi haliguswi, hubaki vilevile siku zote, na kipande cha pili ndicho kinachovaa mikia. Lähihoitajan, ya mtunzaji. Lähihoitajalta, kutoka kwa mtunzaji. Lähihoitajana, nikiwa mtunzaji. Lähihoitajaksi, kuwa mtunzaji, kwa yule ambaye bado hajawa. Naliaka anataka niongeze kwamba mkia husikiliza kipande kilicho karibu nao tu, na ndiyo maana vile vitone vya lähi haviruki kwenda kukaa juu ya a ya mwisho. Haya, nimeongeza, mwalimu ameridhika. Mimi nililolishika ni hili: msikilizaji hana la kufanya ila kukaa mpaka mwisho. Hata akijua neno lote, hajui bado mtu huyo anatoka, anafika, au yupo tayari.

Nililishika, lakini kujua ni kitu kimoja. Jumatano mlikuwa mnafanya mazoezi hapa mezani, Naliaka akiwa mwalimu wa chuo, nywele amezifunga juu na miwani ya baba yenu puani. Akakuuliza kwa nini umekuja. Ukaanza na nataka yao, "Haluan lähihoitaja..." ukakwama. Na mimi niliyekuwa pale kwenye sinki, ninayejua Kifini cha kwenye mlango wa friji, nikasema, "-na."

Naliaka alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Mama, umemfanya atake akiwa ameshakuwa. Haisemwi hivyo."

Wewe hukucheka. Ulianza tena kutoka mwanzo, kutoka Haluan, ukapita polepole pale palipokwama, ukafika kwenye -ksi. Kisha ukanigeukia ukaniambia kwa Kiswahili, "Mama, hata hujui ninaenda wapi." Katikati ya sentensi hiyo ulikwama, kwenye "ninaenda," ukakwama muda mrefu, na mdomo wangu ulishafunguka. Dada yako alinikanyaga mguu. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyokufanya uimalize mwenyewe.

Ningependa kukuambia kwamba hapo nilijifunza. Lakini jana, ulipokuwa umetoka kuwaaga rafiki zako wa Hodge Hill, nilimpigia shangazi yako.

"Wifi," nikamwambia, "Jumatatu ingia naye."

"Wapi?"

"Kwenye mahojiano. Kaa kando yake tu. Akikwama, uwaelezee."

Akasema, "Wifi yangu, nikiingia naye watamwuliza yeye na nitajibu mimi. Sasa hiyo nafasi watakuwa wamempa nani? Mimi kazi ninayo."

"Basi nitawapigia simu mwenyewe, wajue mapema kwamba ana kigugumizi."

"Amekuomba?"

Nikasema mama hangoji kuombwa.

"Basi mwulize," akasema. "Akikubali, mimi mwenyewe nitakupa namba."

Sijakuuliza. Nimeshinda leo nikizunguka na swali hilo. Mara tatu nimekuja mpaka mlangoni kwako, na mara zote nimekuuliza kama umeweka mswaki.

Hebu nimwambie Naliaka anisomee tulipofika, maana sauti imeanza kunikauka.

Amesoma. Anasoma vizuri, taratibu, kama nilivyomfundisha zile Jumamosi ambazo wenzake walikuwa nje. Nilikuwa nafurahia mpaka alipofika karibu na mwanzo, akasoma, "Nalo ni kwamba nina wasiwasi kidogo. Nina wasiwasi na Jumatatu."

Nikamwambia, "Simama. Sikusema hivyo."

"Ulisema kitu kama hicho."

"Nilisema ninaogopa."

"Nilifikiri ndivyo ulivyotaka kusema, Mama. Wasiwasi ni laini zaidi. Yeye ndiye anayesafiri, akisoma kwamba wewe unaogopa..." Akaacha hapo, macho yamejaa machozi, kwa sababu ni mtoto mwema na alikuwa amefanya hivyo kwa wema.

Nami nilikaa kwenye kiti nikiwa na hasira ambayo sikujua inatoka wapi. Maneno yalikuwa yangu. Niliyatafuta, nikayapata, nikayatoa kwa shida, na mtu anayenipenda ameyapokea mlangoni akayabadilisha nguo. Wasiwasi ni wa mtu aliyesahau kuzima pasi. Nilichonacho mimi ni woga. Na nilipotaka kumkaripia nikajizuia, kwa sababu alichoniambia ndicho kilekile nilichokuambia wewe kwa daktari, kwa kinyozi, shuleni, kila mahali. Mimi kimenitokea mara moja, jikoni kwangu, kwa neno moja. Wewe kimekutokea maisha yako yote.

Naliaka amekata ule mstari na kuandika upya. Amesema, "Pole, Mama." Nimemwambia nami nina pole ya kukupa wewe.

Basi pole, Wekesa. Siyo kwa kukusemea siku ile moja au nyingine. Ni kwa kutojua, muda wote huu, kwamba kutikisa kichwa kwako hakukuwa ndiyo.

Kuhusu woga, sina dawa yake. Bado naona yatakayotokea. Naona unaketi, wanakuuliza, unasema Haluan na mlango unafungwa. Naona mmoja wao akiangalia saa. Naona mbele zaidi, mgonjwa anateleza kutoka kitandani na wewe unahitaji kumwita mtu upesi na sauti inakataa kama ilivyokataa mbele ya simu. Nimefikiria hata hilo, na sitakuficha, kwa kuwa nawe umelifikiria, la sivyo usingekuwa unafanya mazoezi ya kuita msaada bafuni ukidhani maji yanazuia tusisikie. Tunasikia. Unaita vizuri. Wakati mwingine inatoka mara ya kwanza.

Sitawapigia simu. Nimeamua hivyo hapa, Naliaka akiwa shahidi. Ukitaka wajue, utawaambia. Dada yako anasema amekwisha kukuandalia sentensi ya kuwaambia, ila ameiweka kwenye kamusi yako, hakuipenyeza mdomoni. Anaamini utafaulu. Nimemwuliza anaamini kwa sababu gani, amesema, "Kwa sababu watangoja." Nimetamani kuwa na umri wake.

Umeshuka sasa hivi. Naliaka alikuwa ameandika "umri wake," akafunika karatasi kwa mkono. Ulisimama mlangoni mwa jikoni na chaja ya simu mkononi. Ulisema, "Mama, Jumatatu usi..." ukakwama.

Nitakueleza yaliyopita ndani yangu, kwa sababu wewe uliona tu mama aliyekaa kimya. Kwanza nikasikia "usijali." Ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, ningeisema na ungekubali. Kisha nikasikia "usipige simu," nikaona aibu, nikadhani shangazi yako amekuambia. Kisha "usinisubiri." Hiyo iliniuma zaidi, na nusura nikujibu. Naliaka alikuwa ananiangalia mimi, hakuwa anakuangalia wewe. Nikaweka mikono mapajani. Birika likachemka, likajizima. Ulifumba macho kama unavyofanya, ukarudi nyuma ukalichukua neno kutoka mwanzo.

"Usilale," ukasema. "Jumatatu asubuhi. Najua utakuwa umetoka kazini. Usilale mpaka niingie mahojianoni."

Sikukujibu papo hapo. Nilitaka kuwa na hakika kwamba umemaliza. Nawe ulidhani nimechoka, ukasema basi, si lazima, ukapanda ngazi.

Nilikuwa nimekusikia. Sitalala.

Mama yako